Jua la Joburg Halikufukuzi

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hulijua jua kwa joto lake. Likianza kuchoma, shati hulowa, kichwa hugonga, na miguu yenyewe hujipeleka chini ya mwembe. Mtu huyo huyo akishuka Park Station, Johannesburg, mwezi wa Oktoba hukutana na jua la tabia nyingine. Mbingu haina hata utando wa wingu, upepo ni mkavu, na asubuhi kuna kibaridi kinachomfanya asivue sweta mpaka saa nne. Anasimama barabarani kutwa, akiuza soksi au akilinda mlango wa duka, na wala hatoki jasho. Jioni akijitazama kwenye kioo anakuta paji la uso limeiva, midomo imepasuka, na alama ya chunusi iliyokuwa inaanza kufifia imerudi nyeusi tii.

Hapo wengi hulaumu maji ya bomba, sabuni, au hewa ya Sauzi. Wa kulaumiwa ni jua. Joto na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili mbalimbali, na katikati ya Johannesburg unaweza kupata cha pili kwa wingi bila kukisikia cha kwanza.

Jiji liko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, hewa ya kuchuja mionzi inapungua, na mionzi ya urujuanimno inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kipo kipimo cha kimataifa cha mionzi hiyo, kinachoanzia sifuri. Kikifika 11 wataalamu huiita hatari ya kupindukia. Johannesburg, mchana wa Novemba hadi Februari, kufika 11 na kupita ni jambo la kawaida. Dar na Mombasa nako kipimo hupanda hivyo hivyo, nisije nikaonekana nawaonea watu wa Joburg. Lakini pwani joto hukufukuza uingie kivulini. Jua la Joburg halikufukuzi. Wenzetu wa Nairobi, Goma na Bukavu, waliozoea miinuko, watanielewa haraka.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chupa, jua saa, na jua upande wa barabara.

Saa isome kwa kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi ni ya wastani. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jikinge. Desemba kivuli huwa kifupi tangu saa tatu kasoro asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na adhuhuri jua hukaa karibu na utosi kabisa, kivuli kikajikunja miguuni kama paka. Juni, hata saa sita mchana, kivuli chako ni kirefu kuliko kimo chako. Usidanganywe pia na ngurumo za alasiri. Majira ya joto huku ndiyo majira ya mvua, na mara nyingi mawingu hukusanyika baada ya saa nane, wakati asubuhi ilikuwa nyeupe. Mvua inapoanza kupiga mabati, ngozi yako imeshakula jua la kutwa.

Upande wa barabara ndilo jambo ambalo mgeni hulichelewa kuligundua. Kwetu karibu na ikweta jua la mchana huhama, miezi mingine liko kaskazini, mingine kusini. Johannesburg iko kusini ya Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo saa sita mchana jua liko kaskazini mwaka mzima. Chukua barabara zinazokwenda mashariki na magharibi: Lilian Ngoyi, ambayo wenyeji bado huiita Bree, Rahima Moosa iliyokuwa Jeppe, Helen Joseph iliyokuwa President, au Commissioner. Humo kivuli cha mchana kiko kwenye njia ya miguu inayoegemea majengo ya upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni jengo la ghorofa kumi hufunika barabara nzima, na utaona watu wanavuka kwenda kuota jua ng'ambo, popote linapopenya kati ya majengo. Kuanzia Septemba kivuli hicho huvutwa nyuma kidogo kidogo kama shuka, na Desemba saa sita hakuna kilichobaki ila kile cha vibaraza. Barabara za kaskazini na kusini, kama Eloff na Rissik, ni rahisi zaidi: asubuhi tembea upande wa mashariki, alasiri upande wa magharibi. Najua nafasi ya meza ya biashara haichaguliwi kama sahani ya wali. Kuna kibali, na kuna mwenye kona yake. Lakini ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kaskazini.

Kofia nayo ifanye kazi ya kofia. Kapelo hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, na masikio ni mahali saratani ya ngozi hupapenda. Tafuta pama yenye ukingo wa vidole vinne pande zote. Mwavuli ni mzuri zaidi ukiwa unatembea. Wanawake wa Joburg hufungua miavuli juani bila kumwonea mtu haya, na wanaume tungefaa kuwaiga. Nguo ipime kwa kuinyanyua kwenye mwanga: ukiuona mwanga unapenya, mionzi nayo inapenya. Kanga iliyokunjwa mara mbili kichwani na mabegani inakinga kuliko fulana nyembamba iliyochakaa.

Tuje kwenye chupa. Tanzania tumezoea kusema mafuta ya jua, ingawa mengine si mafuta hata kidogo bali ni maji maji au jeli. Utayaona yameandikwa herufi tatu, SPF, na namba. Namba hiyo inahusu mionzi ya UVB, ile inayounguza. Ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, SPF 15 huzuia asilimia 93 ya mionzi hiyo, 30 huzuia 97, na 50 huzuia 98. Ukisoma hivyo utasema 30 inatosha, na kwa hesabu unasema kweli. Ila karibu kila mtu hupaka nusu ya kiasi kinachotakiwa au chini ya hapo, na kinga huanguka vibaya. Nunua 50, si kwa sababu ya asilimia moja iliyoongezeka, bali kwa sababu ya uchoyo wa mkono wako.

Namba ya SPF haikuambii lolote juu ya UVA. Hii ni mionzi inayoingia ndani zaidi ya ngozi, inayozeesha na kukoleza madoa, na ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wenye ngozi nyeusi. Itafute kwa macho: neno UVA likiwa ndani ya kiduara maana yake kinga yake haipungui theluthi moja ya ile namba ya SPF. Baadhi ya chupa huandika broad spectrum, yaani zinakinga aina zote mbili. Afrika Kusini ina kiwango chake cha taifa cha bidhaa hizi, SANS 1557, na shirika la kupambana na saratani, CANSA, huruhusu nembo yake iwekwe kwenye zile zilizotimiza masharti yake. Chupa inayopiga kelele SPF 100 lakini haitaji UVA popote, irudishe kwenye rafu.

Mtu ataniuliza: mweusi na mafuta ya jua wapi na wapi? Swali ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 huko Philadelphia ulipima ngozi na kukuta kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya asili ya kiasi cha SPF 13, ile nyeupe 3 na kidogo. Ndiyo maana saratani inayoletwa na jua ni nadra kwetu. Lakini kinga ya 13 chini ya kipimo cha 11, saa nane kwa siku, miaka kumi, si ngao ya chuma. Kinacholeta wengi wetu kwa daktari ni madoa: mabaka ya mashavuni baada ya ujauzito, weusi unaobaki baada ya chunusi, vipele vya ndevu baada ya wembe. Jua huyakoleza hayo yote na kuyachelewesha kupona. Mtu anatumia fedha nyingi kwenye krimu za madoa usiku, halafu asubuhi anatoka kichwa wazi. Anateka maji kwa pakacha.

Hapo ndipo rangi ya mafuta inapokuwa na maana. Yenye zinki au titani hukinga vizuri na hayawashi, lakini kwenye ngozi nyeusi huacha majivu, ukaonekana kama umetoka mashineni kusaga mahindi. Watu wengi hujaribu aina hiyo moja, wakaona aibu, wakaacha moja kwa moja. Usiache. Ziko jeli na maji maji zinazotumia vichujio vya kemikali, ambazo hupotea kabisa usoni. Kama tatizo lako ni mabaka, bora zaidi ni yale yaliyotiwa rangi ya udongo kutokana na oksidi za chuma, kwa sababu mabaka kwenye ngozi nyeusi hukolezwa hata na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na oksidi hizo huuzuia. Yajaribu kwenye taya, kisha toka hadi mlangoni ujitazame kwenye mwanga wa nje. Taa za dukani ni waongo wakubwa.

Bei isikutishe wala isikulevye. Linganisha kwa mililita, si kwa chupa. Famasi kubwa za hapa huwa na mafuta ya jina lao wenyewe, na kama SPF ni 50 na kiduara cha UVA kipo, yanakutosha. Ukiwa na jasho jingi, chagua yanayostahimili maji. Yakikuchoma macho, paka kijiti kigumu cha zinki kwenye paji la uso, kwa sababu hakitiririki. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha kile kikopo kidogo kilichochorwa wazi chenye 12M au 6M: hiyo ni idadi ya miezi tangu siku ya kufungua.

Na usinunue mafuta ya jua yaliyokaa juani. Inaonekana kama mzaha, lakini mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa ya bei ya kutupa kwenye meza ya barabarani, nikaifungua nyumbani nikakuta maji yamejitenga na mafuta kama mtindi ulioharibika. Joto huyavunja. Kama chupa ilishinda kwenye meza wazi, au juu ya dashibodi ya gari, namba iliyoandikwa hapo ni pambo tu.

Kwenye meza hizo hizo utakuta mkorogo wa kujichubua. Hauitwi hivyo hapa, na huandikwa maneno matamu kwa Kifaransa au Kiingereza, ila ni ule ule: hidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali. Afrika Kusini ilipiga marufuku hidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, na haikufanya hivyo kwa kubahatisha. Tangu mwaka 1975 madaktari wa nchi hii walikuwa wameshaeleza madhara yake: mashavu ya wanawake waliojichubua kwa miaka yakageuka mazito, yenye chembe chembe na weusi wa kibuluu usioondoka. Mkorogo hukuvua ile kinga ya 13 uliyozaliwa nayo, kisha ukakutoa nje, mita 1,750 juu ya bahari. Dada zangu wa saluni, na kaka pia maana siku hizi mpo, anayetaka uso wa rangi moja aanze na mafuta ya jua kwa miezi mitatu. Ataona.

Kuna pia dawa za jadi. Kwenye masoko ya waganga, Faraday au Mai Mai, huuzwa ibomvu, udongo mwekundu ambao wanawake wa hapa hupaka usoni, kama mama zetu wa pwani walivyopaka liwa na Wakomoro wanavyopaka msindzano. Inapendeza, na kinga fulani inayo, lakini ni ndogo. Isiwe ndiyo tegemeo lako la mchana kutwa. Vaselini haikingi kabisa. Ipake usiku, hasa Juni na Julai ambapo hewa hukausha ngozi hadi ikapasuka visigino.

Kupaka kwenyewe: vuta mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, tangu shina hadi ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso, masikio na shingo. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji vijiko vya chai saba hivi. Anza na losheni yako ya kawaida, halafu mafuta ya jua, mwisho vipodozi, na uyape robo saa kabla ya kutoka. Usisahau mahali panaposahauliwa: nyuma ya shingo, midomo, mgongo wa kiganja, upara, na njia za msuko, ambazo siku ya kwanza baada ya kusukwa huwa nyeupe na laini kama ngozi ya mtoto. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au mapema zaidi ukijifuta jasho. Anayefanya kazi ndani apake asubuhi na arudie kabla ya kutoka kwenda kula. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe. Afunikwe na awekwe kivulini.

Dereva, usijione uko ndani. Kioo cha kawaida cha dirishani huzuia UVB kwa sehemu kubwa lakini UVA hupita. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la mizigo kwa miaka 28: upande mmoja wa uso, ule wa dirishani, umejaa makunyanzi mazito, na mwingine ni wa mtu mwenye umri wake tu. Hapa usukani uko kulia, basi ni shavu na mkono wa kulia. Abiria wa teksi anayekaa dirishani kila asubuhi kutoka Soweto naye yumo.

Mwambie mfamasia dawa unazomeza. Hidroklorotiazaidi, kidonge cha presha kinachotumiwa na wengi, huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na jua, na wanaoitumia kwa miaka mingi wameonekana kupata saratani za ngozi zaidi. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue upesi, na ndiyo ambayo baadhi yetu hupewa kuzuia malaria tunapokwenda nyumbani likizo. Usiache dawa kwa sababu ya hili. Ongeza kofia.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino maneno haya si ya urembo. Kwao mafuta ya jua ni dawa, na kukosa kinga utotoni ni saratani ujanani. Tanzania ilipata jibu lake Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako ilianza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya SPF 30 yaliyoandaliwa kwa ajili yao na kugawiwa bila malipo. Johannesburg, aliye na ualbino asianzie dukani. Aende kliniki ya ngozi ya hospitali ya umma, kama Charlotte Maxeke kule Parktown, akaulize mafuta na kukaguliwa ngozi mara kwa mara. Mikono mirefu, pama na miwani ya jua yenye kinga ya UV havibadilishwi na chupa yoyote.

Jambo moja chupa hailiwezi, na ni haki ulijue. Melanoma, saratani ya ngozi iliyo mbaya kuliko zote, kwa watu weusi hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, ikianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mara moja kwa mwezi, ukioga, geuza nyayo uzitazame. Doa jeusi linalokua, mstari mweusi mpya chini ya ukucha mmoja, au kidonda kwenye kovu la zamani la moto ambacho wiki zinapita hakifungi: nenda kliniki, usingoje kiume.

Umeshanunua? Chukua kalamu uandike tarehe ya leo chini ya chupa. Ya mililita 100, ukipaka uso, masikio na shingo mara mbili kwa siku, huisha ndani ya wiki sita hivi. Ikifika miezi minne na nusu bado imo, hujabana matumizi, hupaki.